Kupima Mkazo wa Metali kwa Njia ya Halijoto

Katika ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita vyuma hubeba mizigo mizito usiku na mchana. Mchimbaji mdogo hupandisha mawe kwa winchi kutoka katika duara. Huko Bulyanhulu, mgodi ulioanza uzalishaji mwaka 2001, shimo la wima limeshuka zaidi ya mita 1,000. Kulabu iliyobeba ndoo elfu moja kwa usalama yaweza kukatika kwa ndoo inayofuata, na chini ya ndoo hiyo yupo mtu. Kwa hiyo fundi hutaka kujua mapema ni mahali gani ndani ya chuma mkazo umekusanyika. Makala hii yaeleza jinsi halijoto inavyoweza kumjulisha.

Mkazo ni kani iliyogawanywa kwa eneo linaloibeba. Jicho haliuoni. Lakini metali ikivutwa haraka hupoa kidogo, na ikigandamizwa hupata joto kidogo. Msomaji anaweza kuanza na mpira, ambao hufanya kinyume. Kata ukanda wa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, uvute ghafla, kisha uguse kwa mdomo: utahisi joto. Jaribio hili lilielezwa mwaka 1805 na John Gough wa Uingereza. Alikuwa kipofu tangu utotoni, na mdomo wake ndio uliokuwa kipimajoto. Tofauti hutokana na tabia ya vitu hivi vipashwapo joto: mpira uliovutwa hunywea, ilhali chuma hutanuka.

Mwaka 1853 William Thomson, ambaye baadaye alijulikana kama Lord Kelvin, aliieleza kanuni kwa hesabu. Badiliko la halijoto ni sawa na −K × T × badiliko la mkazo, ambapo T ni halijoto ya chuma katika Kelvin. Namba K hupatikana kwa kugawanya kadiri ya kutanuka kwa zao la densiti na joto mahususi. Kwa chuma cha pua ni 0.000012 ÷ (7,850 × 480), yaani takriban 3.2 kwa kumi kipeo hasi 12.

Hebu tuitumie. Fimbo ya chuma yenye eneo la mkato la milimita mraba 100 inabebeshwa kilo 500. Kani ni karibu nyutoni 5,000, na mkazo ni paskali milioni 50. Siku ya nyuzi 27 za Selsiasi, T ni 300. Tukizidisha, fimbo inapoa kwa Kelvin 0.05 hivi. Kipimajoto cha maabara ya shule hakiwezi kuonyesha badiliko dogo kiasi hicho.

Hapa wanafunzi wengi huuliza: mbona waya ukikunjwa mara nyingi huwa moto hadi kuunguza kidole? Hilo ni jambo jingine kabisa, na mwalimu alitenge mapema. Waya huo umepita kikomo cha unyumbufu. Kazi ya mkono imegeuka kuwa joto, nao haurudii umbo lake. Badiliko tunalolizungumzia hutokea chuma kikiwa bado kinaweza kurudi kilivyokuwa, na mzigo ukiondolewa halijoto nayo hurudi.

Chombo cha kwanza cha kibiashara cha kazi hii kilitengenezwa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kilipokea miali ya infraredi kutoka kwenye uso wa chuma, nukta baada ya nukta, na picha moja iliweza kuchukua saa kadhaa. Kamera za leo hupokea nukta zote kwa pamoja. Siri yake ni kurudia: mzigo huwekwa na kuondolewa mara nyingi kwa sekunde, kisha wastani wa vipimo huchukuliwa. Mwendo wa haraka wahitajika pia ili joto lisipate muda wa kusambaa. Chuma hupakwa rangi nyeusi isiyong'aa, kwa kuwa uso unaong'aa hutoa miali hafifu na huakisi joto la vitu vya jirani. Chekeche la mawe linalotikiswa na mota lafaa sana kwa kazi hii, maana mzigo wake hubadilika wenyewe.

Njia hii ina mipaka. Mzigo uliotulia hauonekani, kwa sababu chuma huwa kimekwisha kurudia halijoto ya hewa. Aidha kamera huona jumla tu ya mikazo ya pande zote. Mhimili wa winchi unaosokotwa huvutwa upande mmoja na kugandamizwa kwa kiasi kile kile upande wa pili. Jumla ni sifuri, na picha haionyeshi kitu hata kama mhimili u karibu kukatika.

Swali. Bamba pana la chuma cha pua lenye tundu dogo la bolti linavutwa kwa mkazo wa paskali milioni 40. Kwenye kingo za tundu zilizo kando ya mstari wa mvuto, mkazo huwa mara tatu. Kwenye kingo zilizo juu ya mstari huo, huwa mgandamizo wa milioni 40. Tafuta badiliko la halijoto mahali hapo pote, T ikiwa 300.

Jibu. Kandoni bamba linapoa kwa Kelvin 0.115 hivi, juu ya mstari linapata joto la Kelvin 0.038 hivi. Ufa hutarajiwa kuanzia kandoni.