Waifai ya Nyumbani: Fanya Haya, Acha Yale

Fundi akishavuta waya wa faiba hadi sebuleni, akawasha ruta na kukuachia nenosiri kwenye kipande cha karatasi, kazi yake imekwisha. Yako ndiyo inaanza, na wengi hawaianzi kabisa. Yafuatayo si ya kuchagua.

USIACHE nenosiri la kiwandani. Ruta ina manenosiri mawili. La kwanza ni la kuunganisha simu. La pili ni la kuingilia kwenye mipangilio ya ruta yenyewe, na hilo watu wengi hawajui hata kama lipo. Andika 192.168.1.1 au 192.168.0.1 kwenye kivinjari (anwani ya ruta yako imeandikwa kwenye stika iliyobandikwa chini yake), ingia, badilisha. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta mamia ya maelfu duniani kwa kujaribu tu orodha ya manenosiri ya kiwandani yapatayo 60. Oktoba mwaka huohuo vifaa hivyo vilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn, na kwa saa kadhaa watu wengi Marekani hawakuweza kufungua Twitter wala Netflix. Wenye kamera zao walikuwa wamelala. Uingereza ilipiga marufuku vifaa vyenye manenosiri ya kiwandani ya namna hiyo Aprili 2024; wewe usingoje sheria.

USITUMIE namba ya simu kuwa nenosiri. Hili ndilo kosa letu kubwa, na mafundi wenyewe hulifundisha: “Nikuwekee namba yako, bosi, usisahau?” Kataa. Mvamizi hakai nje ya geti lako akijaribu namba mojamoja. Ananasa mara moja salamu fupi ambayo simu na ruta hupeana zinapounganishwa, anaondoka nayo, kisha kompyuta inakisia huko kwake bila wewe kuona dalili yoyote. Namba zetu za Tanzania huanza na 06 au 07, kwa hiyo zinabaki tarakimu nane za kukisia. Kwa mkono ni kazi ya miaka mingi. Kwa kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro ni dakika. Jina la mtoto na mwaka wake wa kuzaliwa ni vilevile, tena afadhali namba ya simu.

CHAGUA maneno matano yasiyohusiana hata kidogo yawe nenosiri. Si methali, si kiitikio cha wimbo. Yakiwa marefu na ya ajabu, ndiyo mazuri. Yaandike kwenye daftari ukitaka. Mwizi wa mtandao hafungui kabati lako.

WEKA usimbaji wa WPA3, au WPA2 kama ruta haina WPA3. Ukikuta WEP, jua kwamba usimbaji huo ulivunjwa tangu mwaka 2001. Ruta isiyojua kingine zaidi ya hicho ni ya kutupa.

ZIMA WPS. Ni ile njia ya kuunganisha kifaa kwa kubonyeza kitufe au kwa PIN ya tarakimu nane. Mwaka 2011 mtafiti Stefan Viehböck alionyesha kwamba ruta huikagua PIN hiyo nusu kwa nusu, na kwamba tarakimu ya mwisho ni ya uhakiki tu. Majaribio 11,000 yanatosha kuipata. Nenosiri lako zuri halisaidii kitu mlango huo ukiwa wazi.

USIJIDANGANYE kwa kuficha jina la mtandao. Simu zenu zitakuwa zinaliita jina hilo kila ziendako, na mwenye vifaa atalisikia.

SASISHA programu ya ruta. Mwaka 2017 hata WPA2 ilikutwa na ufa, uliopewa jina KRACK, na wasiosasisha vifaa vyao walibaki nao.

FUNGUA mtandao wa wageni, na humo weka pia runinga na kamera. Mgeni ukimpa mtandao mkuu, umempa na rafiki zake: simu nyingi humwonyesha aliyeunganishwa msimbo wa QR, na mwingine yeyote huuskani akaingia. Dada wa kazi akiondoka, au mpangaji wa chumba cha nje akihama, badilisha nenosiri siku hiyohiyo. Si tusi kwake.

USIMGAWIE jirani, hata kama mnachanga bili. Uchunguzi ukifuata anwani ya intaneti iliyotumika kutapeli au kutukana watu, utaishia kwa aliyesajili huduma. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu 2015, Kenya ina ya kwake tangu 2018, na atakayeanza kujieleza kituoni ni wewe, si kijana wa chumba cha pili. Ukitaka kumsaidia jirani, mnunulie bando.