Nanga: Neno, Chombo na Nguvu Zake

Neno nanga hutumika kwa maana zaidi ya moja. Maana iliyo maarufu kupita zote ni ile ya kifaa kizito, aghalabu cha chuma, kinachofungwa kwenye kamba au mnyororo na kushushwa majini ili chombo kisichukuliwe na upepo wala mkondo. Wataalamu wa lugha hulihusisha na langar, neno la Kiajemi lenye maana hiyo hiyo. Mabaharia wa pwani walitofautisha nanga yenye makucha manne na baura yenye makucha mawili, mfano wa zile za meli za Ulaya. Kamba yake nene waliiita amari.

Katika nchi za Maziwa Makuu lipo neno linalofanana na hilo. Wahaya wa Mkoa wa Kagera huita enanga, na Wanyarwanda na Warundi huita inanga, ala ya muziki yenye nyuzi zilizotandazwa juu ya ubao uliochongwa mfano wa chano. Hilo ni neno la Kibantu, wala halina uhusiano na nanga ya baharini. Kufanana kwa maneno si ushahidi wa udugu wao.

Kutokana na kazi ya chombo, lugha imepata misemo. Aliyefika mahali akatulia husemwa kuwa ametia nanga. Safari au mashindano yakianza, husemwa kuwa yameng'oa nanga.

Nanga hushikaje?

Watu wengi hudhani kwamba nanga huzuia chombo kwa uzito wake peke yake. Dhana hiyo ina ukweli kidogo tu, kwa sababu kila kitu kilichozama hupunguziwa uzito na maji. Jiwe la kilo 50, ambalo kila lita yake ina kilo 2.5, huchukua nafasi ya lita 20. Maji ya bahari ya ujazo huo yana uzito wa kilo 20.5, kwa hiyo jiwe hilo likiwa chini ya maji hubakiwa na uzito wa kilo 29.5 tu. Chuma cha kilo 50 huchukua nafasi ya lita 6.4 hivi, nacho hubakiwa na kilo 43 na kitu.

Hata hivyo, nguvu kubwa ya nanga hutokana na kujichimbia. Ukucha ukivutwa kwa ulalo huzama katika mchanga au tope, na ardhi iliyo mbele yake huuzuia. Watu wa kale walilijua jambo hili. Huko Kilwa, nchini Tanzania, imepatikana nanga ya kale ya jiwe refu lililotobolewa matundu ya kupitishia mikono ya mbao. Jiwe lilitoa uzito, na mikono ikashika ardhi.

Urefu wa kamba na kujaa kwa maji

Ili ukucha uzame, hapana budi kamba ivute karibu sawa na sakafu ya bahari. Kamba fupi huvuta kwenda juu na kuing'oa nanga. Kwa hiyo mabaharia hutoa kamba yenye urefu wa mara 5 hadi 7 ya kina cha maji. Mnyororo, kwa kuwa uzito wake huulaza chini, waweza kuwa mfupi zaidi.

Tuchukue mfano wa mashua iliyotia nanga pwani ya Unguja wakati wa maji kupwa. Kina ni mita 4, na kamba ni mita 20, yaani mara 5 ya kina. Kamba ikikazwa hufanya pembe ya nyuzi 12 hivi na sakafu. Siku za bamvua, tofauti ya maji kupwa na maji kujaa huweza kukaribia mita 4. Baada ya saa 6 hivi kina kitakuwa mita 8. Kamba ile ile sasa ni mara 2.5 tu ya kina, na pembe imefika karibu nyuzi 24. Nanga iliyoshika vema jioni yaweza kung'oka usiku, wenye chombo wakiwa usingizini. Ilihitajiwa kamba ya mita 40.

Upepo nao huongeza hatari. Kasi yake ikiongezeka mara 2, nguvu ya kusukuma chombo huongezeka mara 4.

Madhara ya nanga

Nanga inayoburutwa juu ya matumbawe huvunja kwa dakika chache kilichojengwa kwa miaka mingi, kwani matumbawe mengi makubwa hukua kwa kiasi cha sentimita 1 hivi kwa mwaka. Dawa yake ni kutia nanga penye mchanga, au kufunga chombo kwenye boya lililowekwa kwa kazi hiyo. Mwaka 2012 nanga ya meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandari ya Mombasa ilikata waya wa mawasiliano wa TEAMS uliolazwa chini ya bahari.

Nanga ya mawazo

Wanasaikolojia nao wamelichukua neno hili. Mwaka 1974 Amos Tversky na Daniel Kahneman walieleza jaribio ambalo watu walizungushiwa gurudumu la namba, kisha wakaulizwa asilimia ya nchi za Afrika katika Umoja wa Mataifa. Gurudumu lilikuwa limetegwa lisimame kwenye 10 au 65. Makadirio ya kati ya waliopata 10 yalikuwa 25. Ya waliopata 65 yalikuwa 45. Namba isiyohusika kabisa ilikuwa imeyafunga mawazo yao. Mnunuzi anayetajiwa bei ya juu sokoni hupatwa na jambo hilo hilo.

Basi nanga hufaa ikishika mahali panapostahili. Baharia na apime kina kwa bildi, akadirie maji yatakayojaa, ndipo akate shauri la urefu wa kamba.