Msimu wa maembe: usiache mavuno yaozee uani

Kuanzia Novemba hadi Februari, nyumba nyingi za Pwani ya Tanzania na Kenya hupata neema inayogeuka kero. Mwembe wa uani huivisha kwa mkupuo, majirani nao wana miembe yao, na sokoni bei ya ndoo imeshuka mpaka hailipi nauli. Haupiti muda, chini ya mti panajaa nzi na harufu ya uchachu. Bustani nayo ina tabia hiyohiyo: nyanya zilizopandwa siku moja huiva pamoja, na mchicha usiochumwa kwa wakati hukomaa na kutoa mbegu.

Sehemu kubwa ya hasara hiyo huzuilika siku ileile ya kuchuma, hata katika nyumba isiyo na friji.

Chuma, usisubiri yaanguke

Embe lililoanguka limeshaumia ndani, hata kama ganda halionyeshi. Chuma likiwa limekomaa: mabega yamejaa kuzunguka kikonyo, na ukilipasua, nyama iliyo karibu na kokwa imeanza kuwa ya njano. Tumia upembo wenye mfuko wa wavu nchani. Acha kikonyo cha sentimita 1 au 2, kwani utomvu ukimwagikia ganda hulibabua na kuacha madoa meusi.

Tenga mafungu matatu

Fungu la kwanza ni yaliyopondeka, kupasuka au kulainika. Hayo ni ya leo: kata sehemu mbaya uitupe, nyama iliyobaki itengenezee juisi au uiweke kwenye friza. Lenye ukungu au harufu ya uchachu lisiingie jikoni.

Fungu la pili ni yaliyoiva na kubaki mazima. Haya yana siku chache tu, kwa hiyo gawa au uza mapema. Embe linalopelekwa kwa jirani likiwa na siku tatu mbele yake ni zawadi. Likishalainika, umempelekea kazi.

Fungu la tatu ni yaliyokomaa lakini bado magumu. Yapange kivulini penye hewa, bila kuyarundika. Ukitaka kuivisha machache haraka, yaweke kikapuni pamoja na ndizi zilizoiva, maana ndizi hutoa gesi ya ethilini inayoharakisha kuiva. Kwa sababu hiyo hiyo, usiweke mchicha au matembele karibu na maembe. Majani yatageuka njano upesi. Kabaidi ya kuivishia matunda usiitumie kabisa, kwani huweza kuwa na mabaki ya aseniki, ambayo ni sumu.

Kukausha

Wasukuma na Wanyamwezi wamekula michembe na matobolwa ya viazi vitamu vilivyokaushwa vizazi kwa vizazi, na Dodoma mlenda hukaushwa msimu wa mvua ili uliwe kiangazi. Maembe na mboga za bustani hufuata njia hiyo.

Menya maembe yaliyoiva lakini bado imara, ukate vipande vya unene wa nusu sentimita. Vipange kwenye kichanja kilichoinuliwa kutoka ardhini bila kugusana, ufunike kwa chandarua safi. Jioni viingize ndani kabla ya umande. Katika mvua za vuli kazi hii ni ngumu. Upepo wa kaskazi ukishaanza kuvuma na jua kuwaka, vipande hukauka kwa siku chache. Chukua kimoja, ukikunje na kukikamua kwa vidole: kikikunjika bila kunata wala kutoa maji, kimekauka. Kilo 10 za maembe hutoa takriban kilo 1 ya vipande vikavu.

Mchicha, majani ya kunde na matembele yachovye kwanza kwenye maji yanayochemka kwa dakika 2, uyachuje, kisha uyakaushie kivulini penye upepo. Jua kali hupunguza vitamini A. Yakivunjika mkononi, yako tayari.

Tia ulichokausha kwenye chupa ya glasi na uitikise kila siku kwa wiki moja. Ukiona unyevu umeshika ndani ya chupa, rudisha kwenye kichanja.

Achari kwa maembe mabichi

Maembe machanga yaliyopukutishwa na upepo nayo yana kazi, mradi hayajapasuka. Kwa kilo 1 ya vipande, tia gramu 100 za chumvi na uanike juani siku moja au mbili mpaka vinywee. Changanya na pilipili, kitunguu saumu, haradali, uwatu na siki, kisha mimina mafuta yaliyochemshwa na kupoa mpaka yafunike vipande. Kijiko cha kuchotea kiwe kikavu siku zote.

Nyanya chupani: hapa usibahatishe

Bakteria wa udongoni anayezalisha sumu ya botulinumu hustawi ndani ya chupa isiyo na hewa wala asidi ya kutosha, na sumu yake huweza kuwepo bila kuonekana wala kunuka. Hivyo maharage mabichi, karoti na mboga za majani zisihifadhiwe chupani kwa kuchemsha tu. Zikaushe au zigandishe.

Nyanya zinafaa zikiongezwa asidi. Menya, chemsha mpaka ziwe nzito, bila vitunguu wala mafuta. Katika kila chupa ya nusu lita tia vijiko 2 vikubwa vya siki ya asilimia 5, jaza rojo moto ukiacha nafasi ya sentimita 1, funga kwa kifuniko kipya, kisha chemsha chupa zikiwa zimezama kabisa majini. Dar es Salaam na Mombasa dakika 35 zinatosha. Arusha na Nairobi fikisha 45, kwa sababu mahali palipoinuka maji huchemka kwa joto la chini zaidi.

Yaliyooza yasiachwe chini ya mti

Nzi wa matunda kutoka Asia aligunduliwa Kenya mwaka 2003 na sasa ameenea Afrika. Hutaga ndani ya embe, na funza wakishashiba huingia udongoni na kutoka wakiwa nzi wapya. Okota yaliyoanguka kila siku, yafunge kwenye mfuko mweusi wa plastiki na uuache juani mpaka funza wafe, au yazike kina cha zaidi ya nusu mita. Kuyatupa jalalani hivihivi ni kumfuga nzi wa msimu ujao.

Kwa bustani ijayo

Usipande tuta zima siku moja. Sia mchicha kidogo kidogo kila baada ya wiki 2, na nyanya uzigawe kwa awamu. Na kabla hujachuma kikapu kingine, hakikisha cha jana kimeshagawanywa mafungu yake.