Somo letu: Kuchagua bashi ya kufunika mizigo ya kamioneti



Mwaka uliopita, katika majira ya mvua, tulikuwa pamoja na wanamemba wa koperative moja hapa Kalemie, tukingojea kamioneti yenye kutoka upande wa Nyunzu. Ilikuwa imebeba mifuko kumi na miwili ya karanga. Ilikwama siku mbili njiani kwa sababu ya matope. Wakati shofere alipofungua bashi, hatukuona maji yoyote. Bashi ilikuwa mpya, nzito, ya bei kali. Lakini mifuko ilikuwa ya moto sawa vile mtu mwenye homa, na harufu ya kuvu ilitupiga puani. Shofere akasema: «Tulifunika muzuri! Mvua haikuingia hata tone moja.» Alikuwa na haki. Maji hayakutoka juu. Yalikuwa ndani ya karanga zenyewe, na bashi iliyafungia humo.

Tulipoteza mifuko minne. Tangu siku ile tunafundisha jambo hili: bashi nzuri si ile ya bei kubwa, ni ile yenye kufaa mzigo wako, kamioneti yako na njia yako. Na bashi haikaushe kitu. Mali lazima iwe kavu kabla ya kupakizwa.

1. Kwa nini tuhangaikie bashi?

Kwetu mvua inaanza karibu mwezi wa kumi na inaendelea mpaka mwezi wa nne ama wa tano. Karanga na mahindi mengi yanavunwa mvua ikiwa bado inanyesha, na barabara za Nyunzu, Bendera na Moba zinakuwa mbaya wakati huohuo. Safari ya masaa sita inaweza kuwa ya siku mbili.

Tufanye hesabu. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya metre moja mraba, inaleta litre 1 ya maji. Karoseri yenye urefu wa metre 2,20 na upana wa metre 1,60 inapokea karibu litre 3,5 kwa kila milimita. Mvua kubwa ya milimita 30 ikikukuta njiani, ni zaidi ya litre 100 za maji juu ya mifuko yako. Ni sawa na kumwaga bido tano za litre 20 juu ya mahindi.

Mzigo wenye kuloana haupotezi bei tu. Kuvu ya mahindi na karanga inaweza kutoa sumu yenye kuitwa aflatoksini. Sumu hii haionekani kwa macho, haina ladha, na kupika hakuiondoe. Mtu akiila kidogo kidogo kwa miaka, inaharibu ini na inaweza kuleta kansa. Akila nyingi kwa mara moja, inaua. Mwaka 2004, mashariki ya Kenya, watu 317 waliugua kwa sababu ya mahindi yenye sumu hii, na 125 kati yao walikufa. Mahindi yale yalikuwa ya mashamba yao wenyewe, yaliyowekwa yakiwa bado na maji. Ndiyo maana mfuko wenye kuoza haufai kuuzwa, kusagwa unga, wala kupewa kuku.

2. Kabla ya bashi, hakikisha mali imekauka

Kwa mahindi, tumia chupa na chumvi. Chukua chupa safi ya kioo yenye kukauka kabisa. Weka ndani mahindi kiasi cha theluthi moja ya chupa, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha acha itulie dakika 15. Chumvi ikinata kwa kioo, mahindi yangali na maji mengi: yarudishe juani. Isiponata, unaweza kupakiza.

Kwa karanga, tikisa zile zenye maganda karibu na sikio: lazima usikie mbegu zikigonga ndani. Kisha menya moja na kuisugua kwa vidole. Ngozi yake nyekundu ikitoka kwa urahisi, na mbegu ikivunjika kwa sauti ukiiuma, imekauka.

Ikiwa mali haijakauka na gari iko inangojea, ni afadhali gari iende bila mzigo wako. Tunajua neno hili ni gumu, juu gari haipite kila siku. Lakini kusafirisha karanga zenye maji chini ya plastiki ni kulipa usafiri wa takataka.

3. Aina za vifuniko

*Kifuniko kigumu.* Hapa mjini mnaona kamioneti zenye kifuniko cha chuma ama cha plastiki ngumu kinachofungwa kwa ufunguo, ama kile cha kujikunja. Ni kizuri kwa mtu mwenye kubeba vyombo vya kazi, juu kinazuia pia wezi. Lakini kinalala sawa na ukingo wa karoseri, na sisi tunapakiza mifuko kupita ukingo. Kwa koperative hakifai.

*Bashi nyepesi ya plastiki iliyofumwa.* Ni ile tunayoona sana kwa soko, ya bluu, ya kijani ama nyeupe. Ni nyepesi, bei yake ni ndogo, na ikiwa mpya inazuia maji vizuri. Ubaya wake ni jua na misuguano. Jua linaikausha mpaka inapasuka, na pembe ya mfuko inaitoboa. Ukitaka kujua kama ni ya zamani, ikunje kwa nguvu kisha iangalie juani: ukiona ungaunga ama vitundu vya mwangaza kwa mkunjo, usiinunue.

*Bashi nzito yenye kupakwa plastiki pande mbili.* Ni ile ya kamioni kubwa. Inavumilia jua, upepo na kamba, na fundi anaweza kuitia kiraka. Lakini ni nzito, bei yake iko juu, na haipitishe hewa hata kidogo. Karanga za hadisi yetu ziliozea chini ya bashi ya namna hii.

*Bashi ya pamba yenye kutiwa nta.* Inapitisha hewa kidogo, kwa hiyo mzigo haotoki jasho sana. Lakini ikiloana inakuwa nzito sana, na ukiikunja ikiwa na maji inaoza kwa siku chache.

Kuna neno lingine. Bashi zenye alama za mashirika ya misaada zilitolewa kuwa nyumba ya familia iliyokimbia vita ama maji. Koperative isijenge mpango wake juu ya kununua paa la mtu mwingine.

Kwa safari za mara chache na fupi, bashi nyepesi inatosha ukiitunza. Kwa koperative yenye kusafirisha kila juma, tunashauri bashi nzito, kwa sharti la kuiwekea mgongo, sawa tutakavyoeleza chini.

4. Kupima

Wengi wananunua bashi kwa kukadiria kwa macho, kisha inabaki fupi nyuma. Pima kamioneti ikiwa imepakizwa, si ikiwa tupu. Pima vitu vitatu: urefu wa karoseri, upana wake, na kimo cha mifuko kutoka ukingo wa karoseri mpaka juu.

Tuseme urefu ni metre 2,20, upana metre 1,60, na mifuko inapita ukingo kwa sentimetre 60. Bashi lazima ishuke sentimetre 30 nje ya ukingo, kusudi maji yamwagike chini, si ndani. Basi kila upande unaongeza 60 na 30, ni sentimetre 90.

Urefu wa bashi: 2,20 + 0,90 + 0,90 = metre 4.
Upana wa bashi: 1,60 + 0,90 + 0,90 = metre 3,40. Ongeza sentimetre 20 kwa ajili ya mgongo: metre 3,60.

Bashi ya metre 3 kwa 4 haitoshi. Ile ya 4 kwa 5 inatosha, na kinachobaki unakikunja nyuma.

Angalia pia matundu ya kamba. Yawe na pete za chuma, na yasiachane kupita metre moja. Ukingo wa bashi uwe umekunjwa mara mbili na kushonwa.

5. Kufunika na kufunga

Sakafu kwanza. Fagia karoseri, zibua vitundu vya kutolea maji, na panga vijiti ama mbao chini kusudi mifuko isiguse chuma. Usitandike bashi chini ya mifuko: itakuwa sawa na bakuli, maji yakiingia hayatoki.

Kisha weka mgongo. Funga mti mmoja mrefu juu ya mifuko, kutoka mbele mpaka nyuma, sentimetre 20 ama 30 juu ya mzigo. Kama koperative iko na uwezo, fundi wa kuchomelea atengeneze pinde tatu za chuma. Mgongo unafanya kazi mbili: maji yanateremka sawa vile kwa paa la nyumba badala ya kufanya dimbwi katikati, na hewa inapita kati ya bashi na mifuko.

Kama mko na bashi mbili ndogo, anzeni kufunika nyuma, kisha ile ya mbele ilale juu ya ile ya nyuma. Mkifanya kinyume, upepo wa safari utaingia na kuzifunua.

Kamba zipite kwa msalaba na zifungwe kwa vyuma vya nje. Mipira iliyokatwa kwa chambre ya zamani ni mizuri kuliko kamba tupu, juu inavutika gari ikiruka kwa mashimo. Pale kamba inapopita juu ya pembe, weka kipande cha mpira kusudi bashi isikatike.

6. Njiani

Simamisheni gari baada ya kilometre kumi hivi, mkaze kamba tena. Mzigo unakuwa umeshuka, na kamba zimelegea.

Kila mara gari inaposimama na mvua haiko, fungueni pande mbili za bashi. Mchana kuna joto, usiku kuna baridi, na jasho linakusanyika chini ya plastiki na kudondoka juu ya mifuko. Gari ikikwama siku nzima, jambo hili peke yake linaweza kuokoa mzigo.

Mtu asikae juu ya bashi. Anaitoboa, na akianguka anaumia. Zaidi sana, mtoto asilale chini ya bashi iliyofungwa: moshi wa mota unaweza kuingia humo na kumuua akiwa usingizini. Na bido za esanse ama dawa za shamba zisisafiri pamoja na chakula chini ya bashi moja.

7. Bei ya kweli

Usiulize tu «ni dola ngapi?» Uliza «itafanya safari ngapi?» Tuchukue mfano, lakini ninyi mtaweka bei ya soko lenu. Bashi nyepesi ya dola 30 ikifanya safari 20, kila safari ni dola 1,50. Bashi nzito ya dola 100 ikifanya safari 80, kila safari ni dola 1,25. Ile ya bei kali ndiyo rahisi, lakini kama mtaitunza tu. Ikipasuka baada ya safari 30, imewagharimu zaidi ya dola 3 kwa kila safari.

Kwa hiyo, kabla ya kununua, chagueni mtu mmoja wa kuichunga. Aandike katika daftari nani ameichukua, siku gani, na imerudi namna gani. Mali ya wote isiyo na mchungaji haidumu.

8. Kutunza

Mkifika, toeni bashi mara moja. Muioshe matope kwa maji matupu, muianike, muikunje ikiwa kavu, muiweke juu mbali na panya. Tundu dogo litieni kiraka siku ileile. Kwa bashi nzito, tumieni kipande cha bashi ya namna moja na gundi yake. Kwa ile ya pamba, shoneni kisha mpake nta ya mshumaa juu ya uzi.

Maulizo ya kuzungumza katika kikundi

1. Mwaka jana tulipoteza mifuko mingapi kwa maji? Ni maji ya mvua, ama ni maji yaliyokuwa ndani ya mali?
2. Nani kati yetu atapima mahindi kwa chupa na chumvi kabla ya kupakiza? Tutafanya nini akisema «bado»?
3. Kamioneti tunayokodi iko na kipimo gani? Bashi yetu inatosha?
4. Tukiweka pesa kidogo kwa kila mfuko, tutanunua bashi yetu baada ya miezi mingapi?

Ulizo la pili ndilo gumu. Shofere atapiga honi, mnunuzi atapiga simu, na mwenye mali atasema zimekauka tu. Kubalianeni leo, mkiwa mumeketi kwa utulivu, kwamba neno la mwenye chupa litafuatwa. Siku ya kupakiza hakuna atakayekuwa na nafasi ya kubishana.