Herufi Zenye Sura ya Kuchongwa

Swali la kusanifu jalada la hadithi ya maajabu linaonekana rahisi, lakini alama nyingi hupotea kwenye jina la kitabu. Mtahiniwa huchora herufi zenye ncha kali zinazoonekana kuvunjika tu, si kuchongwa.

Anza kwa kufikiria chombo na malighafi. Zamani, watu wa kaskazini mwa Ulaya walitumia herufi ziitwazo runi. Seti yao kongwe ina herufi 24. Walizichonga kwenye mbao, mfupa, chuma na mawe. Mkato unaofuata nyuzi za mbao hauonekani vizuri, tena unaweza kuipasua. Ndiyo maana runi nyingi zina mistari ya wima na ya mshazari, si ya mlalo. Mviringo nao ni mgumu kwa kisu. J.R.R. Tolkien alitumia runi katika The Hobbit mwaka 1937, na leo msomaji akiona herufi za namna hiyo hutarajia majoka.

Chukua jina MLIMA WA JOKA. Zenye mviringo ni J na O tu. O ipe pembe sita. Mkia wa J ukunje kwa mistari miwili iliyonyooka. Kitako cha L na mstari wa katikati wa A viinamishe kidogo. Miisho ipanuke kama alama ya patasi. L huacha uwazi juu, hivyo sogeza I karibu nayo; nafasi hupimwa kwa jicho, si kwa rula.

Sasa kivuli, ambacho wengi hukigeuza. Tuseme mwanga unatoka juu kushoto. Herufi iliyochimbwa ndani ina kuta mbili zinazokutana chini. Ukuta wa kushoto umeupa mwanga mgongo, basi huo ndio mweusi. Wa kulia unang'aa. Ukifanya kinyume, herufi itaonekana imeinuka juu ya ubao. Amua moja na uifuate katika herufi zote.

Mfano unaofaa kutaja ni Neuland, ya Mjerumani Rudolf Koch, iliyotolewa na kiwanda cha Klingspor mwaka 1923. Koch alizichonga kwenye chuma bila kuzichora kwanza, na zote ni herufi kubwa. Nembo ya filamu ya Jurassic Park (1993) imetokana nazo. Huko Ulaya na Marekani zimebandikwa pia kwenye majalada mengi ya vitabu kuhusu Afrika, kana kwamba ukwaru ndio Uafrika. Basi ukitakiwa kutetea chaguo lako, usiandike kwamba ni "herufi za Kiafrika"; zilizaliwa Ujerumani. Taja chombo, malighafi na aina ya hadithi.

Jina la mwandishi na maelezo ya nyuma yaandike kwa herufi za kawaida, kwani herufi hizi zikiwa ndogo hazisomeki.

Zoezi: Sanifu jina PANGO LA MIZIMU kana kwamba limechongwa kwenye jiwe, mwanga ukitoka juu kulia. (Dakika 40)