Mashine ya mkate na saa za usiku

Nyumba zenye mashine ya mkate hutia unga na hamira usiku, na mkate huwa tayari kwa daku. Kuumua mashine inaweza: hamira ni viumbe hai, hupenda uvuguvugu wa nyuzi 25 hadi 35, na mashine huutunza hata wakati wa baridi. Maji ya moto sana huiua. Yajaribu kwa kidole.

Tatizo ni ile saa ya kuchelewesha. Maziwa, mayai au tui la nazi havifai kukaa nje zaidi ya saa 2, na joto likipita nyuzi 32, saa 1 tu. Wengine husema moto wa kuoka utaua kila kitu. Bakteria hufa, kweli, lakini sumu ya baadhi yao, kama stafilokokasi, haiharibiki kwa kuokwa. Mlaji huanza kutapika ndani ya saa chache. Kutapika bila kukusudia hakubatilishi saumu, ila kupungukiwa maji kunaweza kumlazimu mgonjwa kufungua, na alipe baadaye.

Kwa mkate wa usiku tia maji, chumvi, mafuta na unga, kisha hamira kavu juu kabisa, isiguse maji. Mayai na maziwa yasubiri siku utakayowasha mashine papo hapo.