Aya nane kabla maziwa hayajachemka

Mwaka niliojaribu kumaliza Biblia nzima, niliishia kitabu cha Hesabu. Mambo ya Walawi, ambako wengi hukwama, nilivuka kwa ukaidi tu. Kilichonishinda ni Hesabu sura ya 7, yenye aya 89, ambapo wakuu kumi na wawili wanaleta sadaka zinazofanana siku kumi na mbili, na kila mkuu anahesabiwa sahani yake na bakuli lake upya kana kwamba wa jana hakuja. Ulikuwa mwezi wa pili, ndama anaharisha, karo ya mkubwa haijatimia. Biblia ina sura 1,189, kwa hiyo mpango wangu ulidai sura tatu na ushei kila siku. Nikichelewa siku nne, nina deni la sura 13. Nikichelewa kumi, zaidi ya 30. Mwishowe nikawa naiona Biblia pale mezani kama mweka hazina wa chama mwezi ambao sijatoa mchango. Nageuza njia.

Akina mama wenzangu kanisani huniuliza siku hizi nasoma saa ngapi, maana wao hawana saa. Hata mimi sina. Niliacha kusoma kwa saa, nikaanza kusoma kwa kazi.

Huku Kaptagat tuko juu, kama mita 2,400, na baridi ya alfajiri inatoka msituni ikiwa na ukungu wake. Saa kumi na moja nakama. Ikikaribia saa kumi na mbili, maziwa ya nyumbani yako mekoni, lita tatu kwenye sufuria nyeusi, na lazima mtu ayalinde, kwa sababu maziwa hayana adabu: ukiyatazama yanatulia, ukigeuka yanapanda. Hapo ndipo ninapokaa kusoma, kwenye kigoda. Zaburi ya 119 ina aya 176 zilizogawanywa vipande 22 kwa kufuata herufi za Kiebrania, kila kipande aya nane. Aya nane nikizisoma kwa sauti mara mbili, bila haraka, zinatosha sufuria moja. Baada ya siku 22 zaburi ndefu kuliko zote imekwisha, na sidaiwi.

Kwa hiyo ukitaka kuanza, weka vitabu kando kwanza, utafute kazi. Iwe kazi usiyoikosa hata siku moja, inayokutaka ukae mahali pamoja, kisha uipe kisomo kinacholingana nayo. Mithali ina sura 31, moja kwa kila tarehe ya mwezi; hiyo nimeipa barabarani, ninapomngoja mwenye pikipiki ya maziwa, ambaye huja anapotaka. Waraka wa pili wa Yohana una aya 13 tu, na umeandikiwa mama mteule na watoto wake. Nilikaa kanisani miaka mingi bila mtu kuniambia kwamba humo ndani mna barua ya mama. Wapo wanaosema mama huyo ni mfano wa kanisa. Huenda. Mimi naisoma kama iliyoletwa kwangu, nikiwa na aproni.

Tumia Biblia ya karatasi. Nilijaribu simu. Nikiwa kipande cha nane, kikundi cha familia kikaanza kupanga harambee ya binamu, nikajibu ujumbe mmoja, wa pili, na niliposikia jiko likifoka maziwa yalikuwa yameshazima moto. Lita nzima ilienda kwenye majivu. Paka peke yake ndiye aliyefurahi.

Zipo kazi ambazo haziruhusu kitabu kabisa. Kutayarisha sotet, kibuyu cha maziwa lala ya mursik, kwa mfano. Kibuyu kinaoshwa, kinasuguliwa ndani kwa kijiti cha sosiot, halafu kinaingizwa makaa ya mti wa senetwet na kusuguliwa tena mpaka ukuta wake wa ndani uwe mweusi na unukie vizuri. Mkono mmoja umeshika shingo ya kibuyu, mwingine unasukuma, macho yanatoka machozi kwa moshi. Hapo narudia kwa kichwa zile aya nane za asubuhi. Mara nyingi nakumbuka tano. Zile tatu zilizopotea ndizo ninazozirudia jioni, na nimegundua kwamba zinazopotea huwa ni zile zinazonihusu zaidi, hasa zinazotaja kiburi.

Watoto nao niliwaingiza kupitia chapati. Mikono yangu ikiwa na unga, yule wa gredi ya nne ndiye anayesoma, nami nasikiliza. Biblia yetu ni ya Union Version, iliyochapishwa 1952, na wanangu wanaona Kiswahili chake ni cha babu. Sawa, ni cha babu. Ndiyo maana kinasomeka vizuri kwa sauti. Juzi alifika kwa Yohana Mbatizaji, nzige na asali ya mwitu, akasimama hapo hapo. Mama, aliwakaanga au aliwala wabichi? Zamani ningemwambia aendelee. Sasa naacha swali likae mezani hata kama sura haitaisha. Tulizungumza nzige mpaka chapati ya mwisho, kuanzia wale wa Misri hadi wale waliovamia nchi hii mwaka 2020, na usiku alimsimulia baba yake habari zote za Yohana.

Kuna msimu ambao mpango wowote hausaidii. Mtoto wangu wa tatu aliishi siku kumi na moja. Watu walikuja kunifariji, kila mmoja na aya yake, aya nzuri, na zote zilinipita. Kogo, mama mkwe wangu, hakuleta maelezo. Alikaa ukingoni mwa kitanda na Biblia yake ya Kikalenjin, jalada limeshikiliwa kwa mpira, akasoma Zaburi ya 88, ile isiyomalizika kwa sifa kama nyingine, inayoishia gizani. Akafunga kitabu, akaniletea chai. Kesho yake akarudi na zaburi ile ile. Siku ya sita au ya saba ndipo nilipomwomba asome na nyingine. Ukifika mahali huwezi kusoma, acha. Mwite mtu akusomee, tena mwombe asifafanue.

Miaka baadaye nilisoma habari za Rosine, mkewe mmisionari Johann Ludwig Krapf. Walifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi wa sita mumewe alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa mji. Mwezi wa saba Rosine akafa, na mtoto wa kike aliyekuwa ndiyo kwanza amemzaa akafa pia, Krapf mwenyewe akiwa hoi kwa homa. Kazi ile iliendelea. Nikifungua Mwanzo namkumbuka mama yule aliyezikwa ng'ambo ya kisiwa, mbali na kwao.

Je, mama Mkristo asome riwaya? Dada mmoja alinikuta na Siku Njema ya Ken Walibora baada ya ibada, akaniuliza kwa upole kama nimeishiwa na Neno. Niliisoma shuleni, nikairudia nikiwa na watoto, na ikawa kitabu kingine. Katika Luka 15 baba ndiye anayemngoja mwana. Katika Siku Njema mwana anatoka Tanga mpaka Kitale, hapa jirani, kumtafuta baba asiyemjua. Nilipozisoma zote mbili wiki moja, nilimwona yule baba wa kwenye Luka akisimama barabarani kwa namna ambayo mahubiri hayajawahi kunionyesha. Riwaya naisoma Jumapili mchana, kwa wingi, bila kipimo.

Hilo la kuwa na siku moja ya kusoma kwa wingi na nyingine za kusoma kidogo nililipata kwa wakimbiaji. Wanapita mbele ya lango letu kwa makundi, miguu yao inasikika kwenye udongo kabla hujawaona. Hapa ndipo ilipo kambi ambako Eliud Kipchoge amefanya mazoezi kwa miaka mingi chini ya kocha Patrick Sang, na kila mtu kijijini anajua Alhamisi ni siku ya mbio ndefu, kilomita 30 au 40. Kijana mmoja anayekuja kununua maziwa aliniambia sehemu kubwa ya wiki wao hukimbia polepole kiasi cha kuweza kupiga soga. Tena wanaandika. Kipchoge anajulikana kwa madaftari yake ya mazoezi. Nami nina daftari la kurasa 96, la shilingi chache, linaloning'inia kwa uzi karibu na rafu ya chumvi. Naandika tarehe, kipande, na neno moja lililonigusa. Kurasa nyingine zina mafuta. Nyingine zina tarehe tu.

Msimu wa mvua kuni zikiwa mbichi maziwa huchukua muda mrefu kuchemka. Siku hizo soma vipande viwili.